Video ya HD inaota meno nikiichoma kwenye DVD

SWALI: Nimerekodi mahafali ya binti yangu kwa kamera ya HD, 1080i, fremu 25 kwa sekunde, jumla dakika 90. Kwenye kompyuta picha ni safi kabisa. Nikiichoma kwenye DVD inakuwa na ukungu, na mtu akitembea, ukingo wa mwili wake unaota meno kama kitana. Nimekosea wapi?

JIBU: Ukungu kidogo utauvumilia, ndugu yangu. Fremu ya kamera yako, 1920 kwa 1080, ina piseli 2,073,600. Ya DVD ya PAL (mfumo wa TV wa fremu 25 kwa sekunde), 720 kwa 576, ina 414,720: moja ya tano kamili. Lakini hayo meno yana dawa.

Yalinikuta kwenye video ya harusi ya dada yangu. Nilisimamisha picha pale anapopunga mkono, nikahesabu vidole kumi kwenye mkono mmoja. Kisa ni hiyo herufi "i". Kila fremu ya 1080i ni nusu mbili zilizopishana mstari kwa mstari, na ya pili imechukuliwa 1/50 ya sekunde baada ya ya kwanza. Programu ikiipunguza fremu bila kuzitenganisha nusu hizo, mistari inavurugika, na ikishavurugika haitengenezeki tena. Rudi kwenye faili halisi za kamera, hiyo uliyokwisha kuibana iache.

Mimi natumia FFmpeg, programu ya bure ya kugeuza video. Kichujio chake kiitwacho yadif, kikiwekwa mode=1, kinazigeuza nusu hizo kuwa fremu kamili 50 kwa sekunde. Ndipo napunguza ukubwa kwa njia ya Lanczos, kisha nazipishanisha upya zirudi 25. Mpangilio huo usiupindue. Weka pia alama ya 16:9, yaani umbo la skrini pana, la sivyo wahitimu wote watakuwa wembamba.

Diski ya GB 4.7 kwa dakika 90 inakupa karibu megabiti 6.9 kwa sekunde, picha na sauti pamoja. Ipe picha 6.4, na sauti ya AC-3 (aina ya sauti iliyobanwa ya DVD) kilobiti 256. Chagua kubana kwa kupita mara mbili: kwanza programu inakagua video nzima, halafu inabana, ili biti nyingi ziende pale kofia zinaporushwa na chache kwenye hotuba. Ukizikata hotuba zikabaki dakika 70, panda hadi 8. Kiwango cha DVD kinaruhusu picha hadi 9.8, lakini baadhi ya deki hukwama huko juu zikisoma diski za kuchoma.