Amplifaya ya gitaa haitoi sauti: USIWEKE hiyo fyuzi ya ampea 10

Wewe ndugu wa Mkomani, Lamu, kabla hujafanya lolote chomoa waya ukutani. Umesema stima ilipotea, iliporudi amplifaya ikanyamaza, taa ya mbele haiwaki, fyuzi imekatika, na fundi kakwambia utoe ile ya ampea 2 uweke ya 10 ndo isikatike tena. Ni kweli haitakatika. Itakayoungua ni transfoma, ile inayobadilisha umeme wa ukutani kwa ajili ya mashine.

Yangu iliuawa hivyohivyo hapa Malindi. Ilikuwa ya transista, vile vipande vidogo vya kukuza sauti, tunapigia harusi, fyuzi ikakatika nikampelekea fundi anayesifika mji mzima, kesho yake akanirudishia inalia vizuri, pesa yake akachukua. Basi usiku wa harusi watu wamechangamka, mara nasikia harufu ya plastiki inaungua, spika ikavuma mvumo mmoja mzito halafu kimya, moshi unatoka nyuma. Nilipoifungua nikakuta fyuzi yangu ileile iliyokatika, imezungushiwa ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, imebanwa kwenye kishikio chake vizuri kabisa, upande mmoja imeshakuwa nyeusi. Hakuniambia! Mtu anaondoa kinga, anakuangalia machoni, anakupa na risiti. Huyo kwangu si fundi, na wakwako anayekuuzia ya 10 ni ndugu yake.

Manake angalia hasara ilivyopanda. Kilichokuwa kibovu mwanzo ni transista moja tu ya kutolea sauti, kitu cha bei ndogo. Ilipopiga shoti kabisa fyuzi ilitakiwa ikate palepale, sasa haipo, umeme wa DC, kama wa betri, ukaingia kwenye spika ukachoma koili, ule waya uliozungushwa ndani yake, na transfoma ikaendelea kuvuta mpaka nyuzi za ndani zikayeyuka. Kuisuka upya ikabidi iende Mombasa, na gharama yake ilikaribia kununua amplifaya nyingine.

Kwa hiyo kanuni ni hii, na ukinisikiliza hii moja tu inanitosha: fyuzi ikikatika usibadilishe ukubwa, tafuta iliyoikata. Soma maandishi ya nyuma. Ikiwa imeandikwa T2A weka T2A, hiyo T ni ya kuchelewa kukata, ya F, ya kukata haraka, haifai hapo. Na kama mashine imetoka Marekani hakikisha imewekwa 240 si 120, kwa sababu nyingine zinataka fyuzi tofauti kwa kila volteji na zote mbili huandikwa hapohapo.

Halafu tengeneza taa ya kupimia, au mwambie fundi mwingine akutengenezee. Chukua bulbu ya zamani ya nyuzi, wati 60 au 100, LED haifai, iunge kwenye waya wa moto ili umeme upite kwenye bulbu kwanza ndo uingie kwenye amplifaya. Weka fyuzi yake sahihi, washa. Bulbu ikimulika mara moja kisha ikafifia, hapo una matumaini. Ikibaki inawaka kwa nguvu zote basi ndani kuna shoti, mara nyingi ni daiodi za kugeuza umeme kuwa DC au transista za kutolea sauti, na bulbu imebeba mzigo wote, transfoma haijaumia. Ningekuwa na hiyo bulbu ile siku!

Ukiwa na amplifaya ya valvu, zile taa za kioo badala ya transista, usitie mkono ndani hata kama umechomoa, kapasita zake, zile zinazohifadhi umeme, huweza kubaki na volti 400 hivi na hizo zinaua, mpe anayejua kuzimwaga umeme wake. Na usiiwashe bila spika, inaweza kuchoma transfoma yake ya pili, ile ya kutolea sauti.

Na kama unafikiria kununua spika mpya, usinunue kwanza. Gusisha betri ya volti 1.5 kwenye nyaya za spika mara moja, karatasi ya spika ikiruka na kutoa mlio mfupi wa mkwaruzo koili ni nzima. Na siku taa ya mbele inawaka, fyuzi nzima na bado kimya, chomeka waya mfupi wa gitaa kutoka tundu la SEND kwenda RETURN, yale ya kuunganishia vifaa vya kubadilisha sauti, kama mashine yako inayo; ikilia, kosa ni kwenye matundu hayo. Chumvi ya huko Lamu inakula vile vijisahani vya ndani ya jeki, yaani hayo matundu, sauti inakosa pa kupita.

Hiyo ya 10 kama umeshainunua irudishe dukani leo, halafu niambie nyuma ya mashine pameandikwa nini.