Binti Yangu Hataki Kumwita Baba

SWALI: Mume wangu, mvuvi wa dagaa, alifariki miaka miwili iliyopita. Sasa nimeolewa na mgane mwenye watoto wawili, na tunaishi Igoma. Binti yangu wa miaka 9 hataki kula nasi, na juzi aliangua kilio alipomkuta mtoto wa mume wangu akinywea chai kikombe cha bati cha marehemu. Mume wangu anataka aitwe baba. Nifanyeje?
Mama, Mwanza

JIBU: Pole sana, mama. Nianze na kikombe, kwa kuwa kilio kile hakikuwa cha chai. Mtoto wa umri huo anaelewa kwamba aliyekufa harudi, lakini huzuni yake huja na kuondoka: asubuhi anacheza rede, jioni ananuna, nasi watu wazima tunaharakisha kuiita hali hiyo ujeuri. Kitoe kikombe kwenye kabati la wote, umkabidhi akitunze mwenyewe. Siku moja mpeleke Mwaloni, Kirumba, mkanunue dagaa, na umsimulie habari za baba yake bila kunong'ona, maana huenda anadhani kumzoea huyu ni kumsaliti yule.

Jina la baba lisilazimishwe. “Anko” linatosha kwa sasa, na mumeo, ambaye watoto wake nao wamefiwa na mama, ataelewa ukimweleza kwa upole. Binti akiendelea kukataa chakula, au akikataa shule, muone mwalimu wake au afisa ustawi wa jamii.