Mdoli wako umemkwaza mtu: uutoe?

Ukiuza nguo Kariakoo, iko siku atakuja mtu akwambie utoe mdoli wako wa kuonyeshea nguo barazani. Kwangu alikuja mzee wa heshima zake: "Binti, kitu hiki kinatukwaza." Mdoli wenyewe nilikuwa nimeuvika taiti nyeusi na blauzi.

Usibishane naye, na usikimbilie kuutoa. Toa shikamoo yako, mpe stuli, muulize ni nini hasa kinachomkwaza. Mzee huyu, tukaongea, kumbe taiti anaivumilia. Kilichomkera ni kwamba tulikuwa tunaubadilisha nguo mchana kweupe, mdoli unabaki uchi umetazama barabara, naye anapita na wajukuu wakitoka madrasa. Hapo alikuwa na haki yake. Siku hizi midoli inavuliwa stoo. Taiti ilibaki barazani, na inauza.

Kukwazika peke yake hakutoshi kuondoa kitu. Huyu hapendi taiti, yule hapendi baibui, mwingine hataki hata kuona fulana ya timu ya watani. Tukiwasikiliza wote tutaanika henga tupu. Kano, Nigeria, mwaka 2021 Hisba, yaani polisi wa sharia za Kiislamu, iliagiza maduka yatumie midoli isiyo na vichwa. Sijui kesho wangekerwa na mikono.

Ila kuna kitu usichokipenda, na kuna kitu kilichosimamishwa ili kukudunisha. Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha Dar es Salaam sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyeongoza vita dhidi ya Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani, ambaye walimnyonga Pangani mwaka 1889. Bwana mkubwa yuko juu kabisa. Askari Mwafrika yuko chini, amemwinulia macho. Mpita njia mweusi alikuwa anaonyeshwa mahali pake, kila siku, katika mji wake. Waingereza walipouteka mji waliing'oa kwa sababu zao za kivita, baadaye ikasimamishwa Hamburg, Ujerumani, na huko wanafunzi wakaiangusha mwaka 1968. Kwa sanamu ya namna hiyo nisingempa mtu stuli tuzungumze, ningeshika kamba.

Kwa hiyo mlalamikaji akija, sikiliza anasema "sipendi" au anasema "mnanidharau". La kwanza mara nyingi linaisha kwa kusogeza mdoli hatua mbili ndani. Akija mgambo wa jiji, hayo ni mengine: yeye hana habari na taiti, anaangalia kama umeziba njia ya waenda kwa miguu.