Maswali na Majibu: Toba, Maungamo na Moyo wa Nyama

Kwaresima ikifika, barua huongezeka. Mwaka huu karibu zote zinaanza sawa: "Nimetubu, sasa mbona..." Nimechagua saba. Majina nimeyaacha kando, miji nimeibakiza.

*Bwana Yesu asifiwe mwinjilisti. Nimeitikia wito wa kuokoka mara nne kwenye mikutano ya injili. Wenzangu wanalia, wengine wanaanguka, mimi nasimama kama nguzo ya umeme. Nikirudi nyumbani sioni tofauti. Je, toba yangu imepokelewa? (Kahama)*

Asifiwe sana. Tuanze na hayo machozi yanayokusumbua.

Usiku mmoja wanafunzi wawili wa Yesu walimkosea vibaya. Soma Mathayo 26 na 27 polepole utaona jambo la kushangaza: Yuda alifanya karibu kila kitu tunachohimizwa kufanya. Alijuta. Alikiri kwa kinywa chake kwamba ameisaliti damu isiyo na hatia. Alirudisha vipande thelathini vya fedha, vyote. Ila alivipeleka kwa wakuu wa makuhani, nao wakamjibu, "Basi, haya yatupasani sisi? Yaangalie haya wewe mwenyewe." Akaenda kuyaangalia mwenyewe, na tunajua alikoishia. Petro naye, aliyemkana Yesu, alilia kwa majonzi, hakuwa na fedha ya kurudisha wala neno la kusema. Lakini siku ile ziwani, Yesu akiisha kufufuka, alipoambiwa kuwa yule pale ufukweni ni Bwana, alijitupa majini amfuate, mashua akawaachia wenzake.

Ndiyo maana napenda neno letu hili, toba. Limetufikia kutoka Kiarabu na mzizi wake ni kurudi. Neno la manabii wa Kiebrania nalo lina maana hiyo hiyo. Mtu anaweza kurudi akilia, na anaweza kurudi macho makavu. Swali ni kama umerudi, na umerudi kwa nani.

Kuhusu tofauti usiyoiona, fungua Ezekieli 36. Watu wanaoahidiwa moyo mpya pale wako uhamishoni, na Mungu anawaambia waziwazi kwamba hafanyi hayo kwa ajili yao, bali kwa ajili ya jina lake. Kisha anasema: "nami nitatoa moyo wa jiwe uliomo ndani ya mwili wenu, nami nitawapa moyo wa nyama." Wahubiri wengi tunakimbilia neno "mpya" tukaliruka neno "nyama". Jiwe ukilipiga teke, unaumia wewe, lenyewe halina habari. Nyama inauma. Kwa hiyo usijipime kwa usiku wa mkutano. Jipime Jumanne, tuseme pale dukani ulipomdanganya mteja kuhusu bei ya jumla. Zamani ulipita tu. Siku hizi je, kuna kitu kinachoma? Kama kinachoma, mwanangu, hiyo si dalili kwamba sala yako haikupokelewa.

Na tafadhali usipite mbele mara ya tano. Tafuta ushirika mdogo karibu na nyumbani, watu sita au saba wanaokujua kwa jina, ukae nao.

*Mimi ni Mlutheri, mke wangu ni Mkatoliki. Kila mwezi anakwenda kuungama kwa padre. Mimi namwambia dhambi husamehewa na Mungu peke yake. Tumegombana. Nani yuko sahihi? (Moshi)*

Mmegombana juu ya maungamo! Basi wote wawili mna la kuungama wiki hii.

Mkeo anafuata utaratibu wa kanisa lake. Mtaguso wa Nne wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa Kanisa wa mwaka 1215, uliagiza kila mwamini aliyefikia umri wa kupambanua mema na mabaya aungame walau mara moja kwa mwaka, na agizo hilo lipo hadi leo. Padre haruhusiwi kutoa siri ya kitubio kwa mtu yeyote, hata mahakamani, na akiivunja moja kwa moja, adhabu yake ni kutengwa na Kanisa. Ukimuuliza mkeo, naye atakuambia anayesamehe ni Mungu, na padre ni mhudumu wake.

Sasa wewe. Katekisimo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529, ile uliyokaririshwa ukiwa kipaimara, ina sehemu ya kuungama. Inasema kuungama kuna mambo mawili: kukiri dhambi, na kupokea maondoleo kutoka kwa mchungaji kana kwamba yametoka kwa Mungu mwenyewe. Luther hakufuta maungamo ya faragha. Alichokikataa ni kumlazimisha mtu ahesabu kila dhambi moja moja. Sisi tukabaki na ungamo la pamoja la Jumapili, tunalisoma kwa sauti moja huku tukiwaza kama wali umeachwa jikoni. "Nimekosa kwa mawazo, kwa maneno na kwa matendo" ni maneno ya kweli, lakini hayana jina la mtu wala tarehe.

Yakobo 5:16 inasema tuungamane dhambi sisi kwa sisi. Badala ya kubishana na mkeo, omba nafasi ya saa moja na mchungaji wako umweleze lile unalolijua. Kisha ndiyo mrudi kwenye mjadala, kama bado mtakuwa na hamu nao.

*Shikamoo mwinjilisti. Nilifanya kazi duka la vifaa vya ujenzi miaka mitatu. Nilikuwa nauza saruji na misumari bila kuandika kwenye daftari, fedha naweka mfukoni. Tajiri amefariki na duka limefungwa. Nimeokoka. Nimlipe nani, au nitoe sadaka yaishe? (Morogoro)*

Marahaba. Swali lako lina jibu la zamani sana, Hesabu 5:5-8. Mkosaji aungame, alipe alichochukua na kuongeza sehemu ya tano, ampe aliyemkosea. Kama huyo hayupo, apewe jamaa yake. Kama hana jamaa, ndipo inakuwa ya Bwana na anapewa kuhani. Angalia mpangilio huo vizuri: mwenye mali, jamaa zake, kanisa mwishoni. Sisi tunapenda kuanzia mwishoni kwa sababu madhabahu haikutazami usoni. Mjane anakutazama.

Basi mtafute mjane au watoto. Kaa chini ukadirie bila kujipendelea. Ukiwa huna zote, anza na ulizonazo na mkubaliane zilizobaki. Usiende peke yako, nenda na mzee wa kanisa mwenye busara, na ujue kwamba wana haki ya kukasirika, hata ya kukupeleka mbele ya sheria. Kutuma fedha kwa simu kutoka namba wasiyoijua kutawarudishia mali, lakini hapo hujaungama bado.

Hili katika nchi zetu si geni. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, na kuenea Uganda, Bukoba na Kenya miaka ya 1930 na kuendelea, ulijulikana kwa jambo hili hasa. Wale Balokole, yaani waliookolewa, waliita "kutembea nuruni": mtu anaokoka leo, kesho yuko njiani anarudisha kitu cha watu.

Na mimi nina langu. Nilikuwa mweka hazina wa kwaya. Tulichanga fedha za sare, na ada ya mtoto ikanibana, nikachukua shilingi 60,000 kwenye sanduku. Wiki sita baadaye nikazirudisha, hesabu ikatimia, hakuna aliyejua. Lakini kila tulipovaa zile sare, kola ilinikaba. Siku moja asubuhi nikamwendea mwenyekiti wetu, mama mmoja muuza vitumbua. Alikuwa ameinamia chuma chake anageuza kwa kijiti. Nikaanza, "Mama, kuna fedha ya kwaya niliazima..." Hakuinua macho. Akauliza, "Uliazima kwa nani?"

Nikakosa jibu. Kitumbua kimoja kikaanza kuungua ukingoni, naye hakukigusa, anasubiri.

"Niliiba, mama."

"Haya, kaa." Akanifungia vitumbua viwili kwenye gazeti, akaniambia amenisamehe, na kwamba Jumamosi atawaeleza wenzetu nami nikiwepo. Jumamosi ikafika, akawaeleza. Kisha akanyoosha mkono, akataka funguo za sanduku. Hadi leo sijarudishiwa, na sijaziomba.

*Mume wangu ananipiga. Jumapili anasimama kanisani anatubu kwa machozi, watu wanamwombea. Baada ya wiki mbili tatu anarudia. Wazee wa kanisa wananiambia nisamehe saba mara sabini. Nimechoka. (Sijaandika mji)*

Dada yangu, umefanya vema kutotaja mji.

Zirudie zile funguo hapo juu. Yule mama alinisamehe kweli, sina shaka. Na funguo alichukua. Msamaha ni wako kuutoa, kati yako na Mungu, kwa wakati wako. Funguo za maisha yako, yaani mlango wa chumba unacholala na usalama wa mwili wako, hazirudishwi kwa sababu mtu amelia Jumapili mbele ya watu.

Saba mara sabini imeandikwa Mathayo 18:22. Wazee wako wangeanza mistari michache juu, kuanzia wa 15. Hapo Yesu anasema ndugu akikukosa mwendee. Asiposikia, chukua shahidi mmoja au wawili. Asipowasikiliza, liambie kanisa. Na asipolisikiliza kanisa, awe kama mtu wa nje. Ni sura hiyo hiyo. Nawauliza wazee hao: hatua hizo mlizipitia lini? Mlimwonya nani?

Yohana Mbatizaji aliwataka watu watoe matunda yapatanayo na toba, nao wakamuuliza, "Tufanye nini?" Hakuwaambia walie. Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo, mtoza ushuru asitoze zaidi ya kilichoamriwa, askari asimdhulumu mtu. Matunda ya mume wako nayo yanajulikana: ahame kwa muda bila wewe kumsukuma, akubali kwenda polisi na kusema alichofanya, akae na mshauri miezi, si dakika kumi za maombezi. Akikataa hayo, machozi yake ni maji tu.

Kwa sasa, nenda penye usalama, wewe na watoto. Kituo cha polisi ulizia dawati la jinsia na watoto, chukua fomu ya PF3, ile ya polisi ya matibabu, uende nayo hospitali. Ukiwa na majeraha makubwa, anza na hospitali. Kufanya hivyo hakuvunji amri yoyote ya Mungu.

*Nilitukana kuhusu Roho Mtakatifu nikiwa mlevi. Naogopa nimetenda dhambi isiyosameheka, silali. (Mombasa)*

Maneno ya Marko 3 kuhusu dhambi isiyosameheka Yesu aliwaambia waandishi waliomwona akiponya watu, wakiwa na akili timamu, wakasema ana pepo mchafu. Waliita mwanga giza, na hawakukosa usingizi hata kidogo. Wewe huwezi kulala kwa sababu unatamani kusamehewa, na tamaa hiyo haianzishwi na shetani. Soma Zaburi 51 kabla ya kuzima taa. Ukishindwa kulala wiki nzima, muone daktari pia, usione aibu.

*Natubu kubeti kila Jumapili. Jumatano nimeweka mkeka, yaani nimebeti tena. Mungu hajachoka na mimi? (Dodoma)*

Kama una mke, nadhani yeye ndiye amechoka, na hujamtaja hata mara moja.

Umesema unatubu "kubeti". Hujasema unadaiwa kiasi gani, na na nani. Mithali 28:13 inamzungumzia mtu anayeungama na kuacha, na wewe unaungama mkeka huku deni umelificha. Leo jioni mwambie mkeo jumla yote, kwa tarakimu. Futa hizo programu kwenye simu, yeye ashike fedha ya nyumbani kwa miezi kadhaa. Itakuaibisha. Daudi alipoomba alisema "uniumbie moyo safi", na kitenzi hicho, kuumba, ndicho kilichofungua Biblia nzima: hapo mwanzo Mungu aliumba. Hakuomba akarabatiwe, kwa maana moyo huo hautengenezwi na wewe. Lakini kufuta programu unaweza, na Mungu hatakufutia. Ukianguka tena Jumatano, usisubiri Jumapili. Rudi Jumatano hiyo hiyo.

*Binti yangu ana miaka 8, yuko mafundisho ya komunyo ya kwanza. Anaandika dhambi zake kwenye daftari ili asisahau. Jana ameandika kwamba aliota ameiba maandazi ya bibi yake, na amelia. Nimwambie nini? (Tabora)*

Mwambie ndoto haiungamwi. Kisha kwa upole muulize bibi kama maandazi yametimia.