Makbeth ya mafungo ya vijana
Mmeuliza kama Macbeth ya Kiswahili, tamthilia ya Shakespeare mnayoitafuta kwa mafungo ya vijana, ilitafsiriwa na Nyerere. La, si yake. Yeye alitafsiri Juliasi Kaizari (chapa ya kwanza 1963) na Mabepari wa Venisi (1969). Makbeth, yaani Macbeth kwa Kiswahili, ni tafsiri ya S. S. Mushi, 1968. Kwa Jumamosi na Jumapili tu msisome yote. Chukueni tendo la 1 onyesho la 7, Macbeth anaposita kumuua mfalme Duncan na kukiri kwamba kinachomsukuma ni tamaa ya ukubwa basi, halafu tendo la 5 onyesho la 1, mkewe akinawa mikono usingizini. Kuhusu dhamiri, Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 1776–1802 yatosha. Wachawi wa tamthilia hii waacheni mwisho: mkianza nao hapa Mombasa, kipindi chote kitaishia kwenye habari za majini.