Sidii Tatu Zimegoma, na Mpwa Anasema Ni Feki

SWALI: Shikamoo Fundi. Nina duka la stesheni hapa Ifakara: fotokopi, kuchapa barua, picha za pasipoti. Kompyuta yangu ya mezani ni ya mtumba na imenifaa miaka minne, lakini tangu mwezi uliopita inajizima na kujiwasha yenyewe katikati ya kazi. Siku nyingine inaleta kioo cha bluu. Nikashauriwa nipime ramu, ile kumbukumbu ya kazi ya kompyuta, kwa programu ya Memtest86+. Nimeipakua, nimechoma sidii, nimeiweka na kuwasha mashine. Draivu inaunguruma kidogo, kisha Windows inafunguka kama kawaida. Nimechoma ya pili na ya tatu, mambo ni yale yale. Nikiwa ndani ya Windows nikiifungua hiyo sidii, faili nalikuta limo, linaishia na .iso, wala halina kasoro. Mpwa wangu anasema sidii za siku hizi ni feki. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Mwambie mpwa wako asizitukane sidii za watu. Ugonjwa umeutaja mwenyewe, pale uliposema faili unalikuta limo. Lisingepaswa kuwamo.

Faili la ISO ni sidii nzima iliyofungwa kwenye furushi moja. Wewe umelichukua furushi na kamba zake ukalitia ndani ya sidii. Ni kama kuchemsha pakiti ya unga bila kuifungua: unga umo, lakini ugali hautoki. Kompyuta inapowaka haina habari na majina ya mafaili. Inakwenda kwenye kipande namba 17 cha sidii, kila kipande kikiwa na baiti 2,048, na pale inatafuta maandishi yanayosema "mimi ni diski ya kuwashia, programu yangu ya kuanzia iko mahali fulani". Utaratibu huo waliuandika Phoenix na IBM mwaka 1995 wakauita El Torito. Wanasema jina ni la mgahawa wa chakula cha Kimeksiko kule California, na mimi siku zote hufikiri watu wale walikuwa na njaa. Kwenye sidii zako tatu kipande hicho hakina maandishi hayo. Mashine imetazama, imekosa, ikaenda zake kwenye diski kuu. Haijakosea.

Basi chukua sidii ya nne. Ndani ya Windows bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya lile faili la ISO, chagua mstari unaosema Burn disc image. Usiliburute faili kwenda kwenye sidii. Weka alama kwenye kisanduku cha kuhakiki baada ya kuchoma. Kama una programu nyingine inayokuruhusu kupunguza mwendo, punguza, kwa sababu draivu kuukuu hupata tabu kusoma sidii iliyochomwa mbio. Ukimaliza, fungua sidii uitazame: unatakiwa kukuta mafolda, mara nyingi limo moja la EFI au boot. Ukikuta tena faili moja linaloishia na .iso, umerudia kosa.

Kwa vile najua bando la huko linakatikakatika, hakiki na upakuaji wenyewe. Fungua kile kidirisha cheusi cha amri (Command Prompt), andika certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Utapata mlolongo wa herufi na tarakimu 64. Ulinganishe na ule uliowekwa na wenye programu, kama wameuweka. Herufi moja ikitofautiana, pakua upya. Kuchoma faili lililokatika ni kupoteza sidii, na wewe umeshapoteza za kutosha.

SWALI (huyuhuyu wa Ifakara, wiki mbili baadaye): Fundi, asante, sidii ya nne nimeichoma ulivyosema na mafolda nayaona. Nimeijaribu kwenye laptopu ya jirani yangu wa M-Pesa, imefunguka vizuri, kioo cha rangi na namba zinakimbia. Lakini kwenye mashine yangu inagoma! Jioni niliingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya kuwashia mashine, nikaweka sidii iwe ya kwanza, nikahifadhi. Kwa kuwa nilikuwa nafunga duka, nikazima swichi ya ukutani kama kawaida yangu. Asubuhi nimewasha, imekwenda Windows moja kwa moja. Nimeingia BIOS tena, diski kuu imerudi ya kwanza. Sijagusa mimi. Duka nafungua mwenyewe. Halafu kitu kingine kidogo: saa ya kompyuta haijawahi kukaa sawa, kila asubuhi naiweka upya.

JIBU: Hicho unachokiita kitu kidogo ndicho chenyewe.

Niruhusu nijiaibishe kwanza. Nilipokuwa bado mgeni kwenye kazi hii, mteja aliniletea mashine yenye tabia hii hii. Nikasafisha lenzi ya draivu. Nikabadilisha waya. Nikabadilisha na draivu yenyewe, kwa pesa yangu. Siku ya pili jioni mwanangu, wakati huo yuko darasa la tano, alikuja kunichukua twende nyumbani, akasimama nyuma yangu akauliza, "Mama, mbona hapa imeandikwa mwaka 2002?" Nilikuwa nimeiona tarehe ile mara ishirini na haikuniambia kitu. Mteja sikumtoza ufundi.

Ni betri. Kwenye bodi ya kompyuta yako kuna kibetri cha duara kinachong'aa, kimeandikwa CR2032: milimita 20 upana, unene 3.2, volti 3. Kazi yake ni kushikilia saa, na kwenye mashine nyingi za zamani kinashikilia pia mipangilio ya BIOS wakati umeme haupo. Kikichoka, mashine hukumbuka mradi waya uko ukutani na swichi iko juu. Ukizima swichi usiku inasahau yote, asubuhi inaamka na mipangilio ya kiwandani: diski kuu kwanza. Wewe uliyeipanga vizuri na kuzima kwa uangalifu ndiye uliyeifutia kumbukumbu. Anayeacha swichi juu usiku kucha asingegundua.

Zima, chomoa waya, gusa chuma cha kasha kwanza ili umeme wa mwilini ushuke, kisha kichomoe kibetri kwa ukucha. Upande wenye alama ya kujumlisha ulikuwa juu, na kipya kikae vivyo hivyo. Ukiwa na mita kipime: mimi kikishuka chini ya volti 2.8 sibishani nacho. Bei yake ni kama soda mbili, ila nunua kilichofungwa kwenye karatasi yake, usichukue kinachogongana na wenzake ndani ya kopo.

Kama leo hujakipata, kuna njia ya mkato. Washa mashine na papo hapo gongagonga kitufe cha menyu ya kuwashia. Dell na Lenovo nyingi ni F12, HP nyingi ni Esc kisha F9, na nyingine huandika kitufe chake chini ya kioo kwa sekunde mbili tu, kwa hiyo usipepese. Menyu hiyo inakuuliza uanzie wapi kwa safari hii moja, haijali BIOS inakumbuka nini. Chagua draivu ya sidii.

Draivu isipoonekana kabisa kwenye orodha, hapo ndipo tufungue kasha tutazame waya. Ikionekana, ukaichagua, ikaunguruma na kukata tamaa, shuku lenzi. Duka lako lina mashine ya fotokopi, na vumbi la karatasi na la wino wa unga linaingia mpaka usipodhani. Pamba kidogo yenye spiriti, gusa taratibu, acha ikauke.

SWALI (Msomaji wa Mwanza): Laptopu yangu ni mpya, haina mlango wa sidii. Nimetia programu ya zamani ya kupima ramu kwenye flashi, inakuja giza tupu. Flashi mbovu?

JIBU: Sidhani. Mashine mpya zinatumia UEFI, iliyochukua nafasi ya BIOS ya zamani, na hiyo haisomi kwa mtindo wa zamani. Inatafuta faili lake maalumu, BOOTX64.EFI, ndani ya folda la EFI. Zamani watengenezaji waliacha mlango wa nyuma unaoitwa CSM kwa ajili ya diski za kale, lakini mwaka 2017 Intel walitangaza kwamba ifikapo 2020 wataufunga. Memtest86+ ya namba 5 haiijui UEFI. Chukua kuanzia namba 6, iliyotoka 2022, inajua njia zote mbili. Bado ikikataa, ingia kwenye mipangilio uzime Secure Boot, ule ulinzi unaokataa programu za kuwashia usizozitambua, upime, kisha uiwashe tena. Kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, ile kufuli ya Windows, uwe na ule ufunguo wake wa tarakimu 48 mkononi kabla hujagusa chochote. Usije ukaniandikia ukilia.

Nirudi Ifakara, maana huyu hatujammaliza. Memtest ikifunguka inaanza yenyewe, usiiguse. Iache izunguke angalau duru moja nzima. Mimi huiacha usiku kucha, na kwako maana yake ni kutozima swichi usiku mmoja, ukivumilia. Kosa likionekana linaandikwa pale pale kwenye kioo. Ukiliona, zima, chomoa waya, toa vijiti vyote vya ramu uviandike A na B kwa kalamu. Meno yao ya dhahabu yasugue taratibu kwa kifutio cha penseli, ambacho dukani kwako hakikosekani, upeperushe makombo. Rudisha A peke yake, pima. Kisha B peke yake kwenye tundu lile lile. Vikifeli vyote viwili, hamishia tundu la pili kabla ya kulaumu ramu, maana tundu nalo huugua. Kisha niandikie ni A au B, na saa ya asubuhi ilikuwa inasemaje.