Kujifungulia majini: kuingia ni rahisi, jiandae na kutoka

Dada mleta mada, umeuliza mambo matatu: mtoto hatakunywa maji? Uchungu unapungua kweli? Na unaweza kufanyia bafuni kwako? Mimi nimeingia kwenye beseni la leba, lile kubwa lenye kina la kukalia wakati wa uchungu, kwa mimba zangu zote mbili. Wa kwanza alizaliwa humo humo. Wa pili niliambiwa nitoke, nikamzalia kitandani. Nazijua pande zote mbili.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kukaa majini wakati wa uchungu ni kimoja, kumzaa mtoto ndani ya maji ni kingine. Cha kwanza hakina ubishi mkubwa. Mapitio ya 2018 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za afya, yalikusanya majaribio 15 yenye wanawake 3,663. Waliokaa majini hatua ya kwanza ya uchungu walihitaji ganzi ya mgongoni kidogo kuliko wenzao, na haikuonekana kwamba mama au mtoto alidhurika zaidi. Kwenye cha pili ndiko wataalamu walikogawanyika. Chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani, ACOG, kwenye mwongozo wake wa 2016 kilisema maji ni sawa wakati wa uchungu, ila mtoto azaliwe nje. Halafu 2024 ukatoka utafiti wa POOL wa Uingereza, uliofuatilia zaidi ya wanawake 87,000 waliotumia beseni. Huo ulikuta kwamba kwa mama mwenye mimba isiyo na tatizo, kuzalia majini ni salama sawa na kutoka na kuzalia nje. Soma masharti yake vizuri: mimba haina tatizo, wakunga wapo, hospitali ipo. Ukiondoa sharti moja, matokeo hayo si yako tena.

Uchungu hauishi, usidanganywe. Kilichobadilika kwangu ni uzito. Maji yalifunika tumbo lote, mwili ukawa mwepesi, nikaweza kupiga magoti, kugeuka ubavu, kuegemea ukingo bila kumwita mtu anishike. Kila uchungu ulipokuja niliuona unapanda na kushuka badala ya kunivamia. Mkunga hakuniruhusu kuingia mapema, alisubiri njia ifunguke vya kutosha, kwa sababu ukiwahi sana uchungu unaweza kulegea. Kipimajoto hakikutoka mkononi mwake. Maji hayatakiwi kuzidi nyuzi 37.5, maana joto lako likipanda, la mtoto nalo linapanda na moyo wake unaanza kukimbia. Kunywa maji mara kwa mara pia, kwani humo unatoka jasho bila kujua. Na ukishachomwa sindano kali ya maumivu kama pethidini, huingii hadi yapite saa 2 na usiwe na usingizi.

Sasa swali la kunywa maji. Mtoto tumboni anapata oksijeni kupitia kitovu, na kwa kawaida pumzi yake ya kwanza huivuta akikutana na hewa na baridi usoni. Lakini hiyo si kinga ya uhakika. Mtoto aliyepungukiwa oksijeni anaweza kuvuta pumzi akiwa bado chini ya maji, na ndiyo sababu mapigo ya moyo wake yanasikilizwa kila baada ya muda mfupi kwa kifaa kisichoharibika majini. Anazaliwa mwili wote ndani ya maji, anainuliwa hapo hapo juu, na uso ukishagusa hewa haurudishwi chini. Wewe mwenyewe ukiinua nyonga kichwa kikiwa kinatoka, unabaki juu. Mkunga alilirudia hili mpaka mume wangu akalikariri, akawa ananikumbusha yeye (wakati huo nilitamani anyamaze).

Hatari ambayo watu hawaitaji ni kitovu kukatika. Kikiwa kifupi na mtoto akavutwa juu kwa haraka, kinaweza kukatika na mtoto akapoteza damu. POOL iliona hili likitokea zaidi kwa waliozalia majini, ingawa ni wachache. Muulize mkunga wako kama vibanio vya kubana kitovu vinakaa karibu na beseni. Kondo la nyuma nililitolea kitandani, kwa sababu damu ikichanganyika na maji ni vigumu kujua umepoteza kiasi gani.

Kwa wa pili, chupa ilipasuka nikiwa ndani ya beseni na maji yakageuka rangi ya kijani. Mtoto alikuwa ameshajisaidia tumboni. Mkunga akasema neno moja tu: toka. Nilinuna, nilitetemeka kwa baridi, nikapanda kitandani kati ya uchungu mmoja na mwingine. Mtoto akalia vizuri. Ndiyo maana nasema uikubali amri ya kutoka kabla hujaingia, kwa sababu wakati ule hutakuwa na akili ya kujadiliana. Wenye mapacha, mtoto aliyetanguliza matako, mimba chini ya wiki 37, presha, homa au damu inayotoka, kwa kawaida hamtaruhusiwa kabisa.

Bafuni kwako? Kuoga maji ya vuguvugu uchungu ukianza, mtu akiwepo karibu, sawa. Kuzaa humo bila mkunga, hapana. Kwanza beseni la kuogea halina kina cha kufunika tumbo. Pili, ukizimia nani atakunyanyua? Wakunga hufanya mazoezi maalumu ya kumtoa mama aliyepoteza fahamu majini. Tatu ni usafi: Texas mwaka 2014 kichanga alifariki kwa bakteria wa Legionella baada ya kuzaliwa kwenye beseni lililojazwa siku nyingi kabla na maji yake kuwekwa moto muda wote. Maji yanajazwa siku hiyo hiyo, kwenye chombo kilichosafishwa kwa dawa.

Kliniki ijayo uliza kama kituo chako kina beseni, ni mangapi, na nani zamu ya usiku amefunzwa kulitumia. Kama hakuna, omba ukae chini ya bomba la mvua, maji ya moto kiasi yakishuka mgongoni. Mimi kwa mtoto wa pili, baada ya kutolewa na kabla ya kusukuma, ningelipata hilo ningeshukuru sana.